Jina Nililolificha Nyuma ya Hitilafu 40

Mpendwa Shangazi Abalo, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kuna mtu atafukuzwa kazi kwa kosa langu na mimi nimenyamaza.

Natengeneza programu za kompyuta, na miaka miwili iliyopita nilitengenezea zahanati moja ya Bukoto programu ya kuweka kadi za wagonjwa, ndiyo kazi yangu ya kwanza kubwa, na ina sheria moja, kwamba mtu akiwa ameifungua kadi ya mgonjwa, mwingine hawezi kuhifadhi kitu juu yake mpaka yule wa kwanza aifunge, na sheria yenyewe ni nzuri, Shangazi, bila hiyo wangefutiana maandishi, shida ni maneno niliyoweka, yule wa pili akijaribu kuhifadhi anaona HITILAFU 40, WASILIANA NA MSIMAMIZI, yaani mimi, basi, hakuna zaidi.

Programu inamjua aliyeishika kadi. Karibu kila mara ni Afande Jibril wa maabara, mstaafu wa jeshi, ambaye anaifungua kadi na kuiacha hivyo saa nzima akisubiri majibu ya damu. Ningeweza kuandika jina lake pale, lakini mimi nimezaliwa kambi ya polisi, baba yangu koplo, na mtoto wa koplo hasemi mbele za watu kwamba afande ndiye anayezuia njia, kwa hiyo nikaweka namba.

Sasa mapokezi kuna mama mmoja Mkongo, Huguette, alikimbia vita Bukavu, analea wajukuu watatu kwa kazi hiyo. Hitilafu 40 inamtokea yeye kila siku, na kila mara ananipigia simu, "Papa Onen, unisamehe, nimeharibu tena mashine yako," nami sikumwambia hata siku moja kwamba hajaharibu kitu. Wiki mbili zilizopita mgonjwa mmoja, Mzee Ocira, alimwambia kwamba penisilini inamdhuru, mama akaandika, akabonyeza kuhifadhi, ikaja hitilafu, akanipigia, na mimi nilikuwa na mteja mwingine Nakawa, nikamjibu mbiombio, "Zima, halafu uwashe," akazima, akawasha, hitilafu haikuonekana tena, akajua mambo yako sawa, kumbe alichoandika kimepotea, na mchana Mzee akachomwa hiyo hiyo penisilini, uso ukavimba, pumzi ikamkatika, akakimbizwa hospitali kubwa, tunamshukuru Mungu amepona.

Daktari Lakica, mwenye zahanati, ameona kwenye kumbukumbu kwamba mashine ilizimwa mapokezi. Mama alipoulizwa alijibu, "Ndiyo, ni mimi nilizima." Hakunitaja, na Ijumaa kuna kikao cha kumfukuza. Nikisema ukweli nitapoteza mkataba na jina langu mjini, nisiposema yeye atakosa kazi, na usingizi sina. Nifanye nini?

Onen, Bukoto

SHANGAZI ANAJIBU

Onen, majina yote nimeyabadilisha, lakini wewe unajijua. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu Ijumaa haisubiri.

Pole, mwanangu. Hofu yako naielewa, na kijana asiye na dhamira asingeniandikia. Pole yangu inaishia hapo.

Mama wa watu ametii kila neno uliloandika! Mashine ilimwambia awasiliane na msimamizi, akawasiliana. Msimamizi akamwambia azime, akazima. Ameulizwa, amekiri, na wewe hajakutaja. Wewe je? Umenitajia mimi, nisiyekujua, na Daktari Lakica ambaye yuko mlango wa pili hujamwambia kitu. Na zile simu zote alizokupigia kukuomba msamaha, maskini, ulikuwa unaupokea msamaha wa nini?

Halafu usinidanganye na heshima ya kambini. Mimi nimeishi kambini miaka kumi na tisa, mke wa sajenti. Pale ghala la silaha kuna daftari, na anayechukua bunduki anaandika jina lake na saa aliyoichukua, awe kuruta, awe mkuu wa kambi. Umewahi kusikia afande akilia kwamba daftari limemvunjia heshima? Jibril hajawahi kukukataza kuandika jina lake, kwa sababu hujawahi kumuuliza. Yeye mwenyewe hajui kwamba anamzuia mtu, na angejua angefunga kadi zamani.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, nenda kwa Afande Jibril. Msalimie vizuri, mweleze kwamba jina lake litaonekana ili mwenzake ajue mlango wa kugonga. Kisha futa ile namba yako na uandike kama binadamu: "Kadi hii iko wazi kwa Jibril, maabara, tangu saa nne na nusu. Ulichoandika bado hakijahifadhiwa. Usizime mashine. Mwombe aifunge, halafu bonyeza Hifadhi tena." Maneno hayo umpe Huguette ayasome kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikuuliza maana yake nini, hujamaliza, rudi ukaandike upya. Na Mzee Ocira umtembelee nyumbani, umwombe radhi uso kwa uso.

Kuhusu mkataba, sikuahidi kitu. Huenda daktari akakufukuza, na akikufukuza hajakuonea. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua, na programu hiyo hiyo ingemdhuru mgonjwa mwingine mwezi ujao, huku mapokezi ameketi mtu mgeni ambaye naye ataambiwa azime, awashe.

Ijumaa chukua simu yako, yenye saa aliyokupigia siku ile, uingie kwenye kikao kabla hawajaanza. Daktari akiuliza tena nani alizima mashine, Mama Huguette atajibu kwamba ni yeye, nina hakika. Usimwache amalize. Simama useme, "Ni mimi niliyemwambia."