Nyuma ya Tangi la Maji

Galbet, Garissa

Mdogo wangu Sahra,

Assalamu alaikum. Huku joto ni lile lile. Mbuzi uliyeniachia amezaa, na maziwa ya chai yapo.

Leseni ya kulea watoto wa watu hapa nyumbani imetoka, nimeitundika ukutani. Wakaguzi wa serikali walitaka choo kidogo cha watoto, nikakijenga. Walisema pia mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa asionekane hapa, la sivyo watafunga. Mwanao Idman hana, na wewe huko Mandera hata kitambulisho cha kumwombea bado hujapata. Basi kila walipokuja nilimwambia akae nyuma ya tangi la maji, anyamaze mpaka gari liondoke.

Sasa simwambii tena. Akisikia gari lolote, hata lori la mchanga, anaacha uji wake na kukimbilia kule. Halii. Nikimwita hatoki mpaka barabara iwe kimya.

Anakula vizuri, alhamdulillahi. Ameota magego.

Ukija kumchukua, abaayo, mdogo wangu, usiletwe na gari mpaka mlangoni. Shuka mbali, uje kwa miguu.

Dada yako,
Arbia