Msimamizi wa Tumbo la Lori

Mbeya, mvua bado, ila mawingu yanajaribu kila siku

Kwa mama yangu mzazi,

Natangaza mbele yako, mbele ya Mwalimu Kasiani anayekusomea, na mbele ya kuku wote waliopo uani, kwamba mimi mwanao Alfonsi, mwenye akili timamu na kucha chafu, nimepandishwa cheo. Tangu mwezi uliopita mimi ni Msimamizi wa Tumbo la Lori. Cheo hiki hakina kofia wala kiti. Kazi yake hufanywa kwa kulala chali, na matope yakikuangukia mdomoni unayatema na kuendelea kusimamia.

Kamwene, mama. Umeamkaje? Goti linakuruhusu kushuka bondeni, au bado linataka kubembelezwa? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Tangu nianze barua hii nimekaa kwenye gogo, nimesimama kutazama mawingu ya upande wa Iringa, nimekaa tena. Mlinzi wa hapa ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Barua yako ilifika. Nimeelewa kwamba wazee watakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu kumaliza msiba wa baba, na kwamba siku hiyohiyo watasema vile vinyungu vya bondeni, mlivyokuwa mkilima mahindi ya kiangazi tangu sijazaliwa, vinabaki kwa nani. Nimeelewa pia maneno ya baba mdogo, kwamba mjane hawezi kushika bonde ikiwa mwanawe mkubwa hayupo mkekani. Kama baba mdogo yupo hapo anasikiliza, Mwalimu, msalimie, halafu rudia sentensi hiyo polepole. Mkeka nitaukalia.

Sasa utauliza, kama unajua hivyo, mbona bado uko Mbeya? Ndiyo habari yenyewe.

Unajua ninafanya kazi ya utaniboi, kumsaidia dereva kwenye lori la tajiri Abdalla, yule mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye mpaka leo anaita baridi ya hapa "matusi". Nilipomwomba ruhusa alisema, "Ruhusa ya nini, kijana wangu? Lori lenyewe linakwenda Iringa kuchukua mahindi. Litengenezwe kwanza, kisha uende nalo, ushuke mlangoni kwa mama yako kama bwana harusi."

Mama, maneno hayo yaliniingia. Nilijiona nashuka mbele ya wazee, injini inanguruma, vumbi linamwangukia baba mdogo kwenye koti lake la kanisani. Anayeshuka kwenye basi ni abiria, lakini anayeshuka kwenye lori ni mtu mwenye shughuli. Nikasema, ndiyo tajiri, nitalingoja lori.

Tatizo la lori halikuwa injini. Lilikuwa chini. Lori hili limebeba chumvi na samaki wakavu wa Nyasa miaka mingi. Magunia yakilowa, maji ya chumvi yanapenya mbao za bodi na kudondokea chasisi, ile mifupa miwili ya chuma iliyolala toka mbele hadi nyuma, inayobeba kila kitu. Juu mtu anaona rangi ya kijani na maandishi mazuri. Chini panaliwa.

Dereva wetu Ambakisye, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alinifundisha kupima. Unagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele ya misheni. Chuma kilicholiwa kinasema "pu", kama mtu aliyekatazwa kuongea. Tukagonga toka mbele. Ngé, ngé, ngé. Tulipofika nyuma ya ekseli, pu.

"Umesikia hiyo?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Hiyo ndiyo safari yako ya Iringa inakohoa."

Kutu haipigi hodi, mama. Inaanzia mahali ambapo maji yametuama. Kwenye chasisi kuna vitundu vilivyotobolewa ili maji yatoke. Matope yakiviziba, maji yanakaa, chumvi inakaa nayo, na siku unayogundua, chuma kinabanduka kama ganda la mkate. Nililala chini pale nikamkumbuka baba mdogo. Naye alianza kwa kuomba tuta moja tu la maharage, kule pembeni, ambapo wewe ulikuwa hupiti sana.

Basi tukafanya kazi. Kwanza kuzibua vitundu kwa waya. Kisha kuosha kwa maji mengi mpaka ukilamba chuma husikii chumvi. Usicheke, nililamba. Kisha kuacha kikauke, na hapa Mbeya manyunyu yalinichezea, nikikausha yanalowesha. Kisha nyundo na brashi ya waya, mpaka kutu yote ianguke na chuma kionyeshe uso wake. Palipoliwa sana fundi alichomelea kipande kipya. Kisha rangi nyekundu ya chuma. Mwisho, kupaka kitu kizito kinachokataa maji, kama lami. Tajiri akasema lami hainunuliki, ila kuna debe la masega kutoka kwa warina asali. "Nta na oili chafu," akasema, "vikichemshwa pamoja, maji yatateleza kama mgongoni mwa bata."

Hapo, mama, ungekuwepo ungenipiga mwiko. Mimi ni mtoto wa mtu aliyetundika mizinga. Nimemwona baba kila msimu akichemsha masega kwenye maji, akiyachuja kwa gunia, akiacha yapoe mpaka nta igande juu safi na uchafu na utamu wote ubaki chini. Inataka moto mdogo, na inataka subira. Lakini barua yako ilikuwa mfukoni, na kila nikiinama ilikuwa inalia "kwara". Ambakisye akasema, "Nta ni nta, chemsha tupake." Nikachemsha hivyohivyo, na asali yake, nikapaka. Tumbo la lori likang'aa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kupakwa mafuta ya nyonyo.

Tajiri akasema tulijaribu kwanza hadi Chimala, tulete mchele, ndipo twende Iringa. Tulishuka mteremko vizuri. Joto la Usangu likatupokea, bomba la moshi likapata moto, na asali ikaanza kunukia. Ambakisye akavuta pumzi akasema, "Leo hii lori inanukia kama Krismasi." Tukasimama sokoni.

Wa kwanza walikuja wachache, wakazungukazunguka gurudumu kama wanunuzi wasiotaka kuonekana wana haja. Kisha wakaenda kuwaita ndugu zao. Kufumba na kufumbua lori linavuma na injini imezimwa. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia yake karibu na bodi alisimama akasema, "Enyi watu wa Mbeya, mmeleta gari au mmeleta mzinga?" Halafu akakimbia, na soko likakimbia naye. Ambakisye alichelewa kwa sababu ya ukubwa. Nyuki walimuuma sikio, wakamuuma mdomo. Alinifikia nyuma ya kibanda cha mchele, mdomo umevimba, akanyoosha kidole.

"Wewe! Baba yako alikuwa mrina asali!"

"Ndiyo."

"Na hukusema?"

"Ulisema nta ni nta."

"Mimi najua gia! Nyuki niliwajulia wapi?"

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, kwa sababu niliona Jumapili ile inasogea huku mimi nimejificha nyuma ya mchele. Tulingoja mpaka jua lilipopoa na nyuki wakarudi kwao, tukalirudisha lori Mbeya bila mchele.

Ikabidi kukwangua yote. Hapo Ambakisye hakunisaidia, alikaa na kitambaa cha maji mdomoni akinitazama kwa jicho moja. Nikachemsha nta upya, safari hii kama baba. Moto mdogo, maji, gunia, kungoja. Nilikuwa nauzunguka moto kama fisi aliyefungiwa nje ya zizi, lakini nikangoja. Ikaganda njano, safi, haina harufu ya kumwita mtu. Nikaichanganya na oili, nikapaka kila kona, nikaacha breki na bomba la moshi, nikaacha vitundu wazi. Nikamwaga ndoo ya maji juu. Maji yakakimbia. Mama, sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii. Nikafua shati la safari.

Siku iliyofuata akaja mnunuzi wa mpunga wa upande wa Madibira kunywa kahawa na tajiri. Akaliona lori. Akaingia chini yake na kanzu yake nyeupe, akagonga kwa funguo, ngé, ngé, ngé, toka mbele hadi nyuma. Akatoka na mstari mweusi mgongoni, anacheka.

"Abdalla, nani amelitunza hivi?"

"Huyu kijana wangu," tajiri akasema, akaniwekea mkono begani. Ungeona alivyojivuna.

Wakanywa kahawa nyingine. Walipomaliza, lori lilikuwa la Madibira.

"Usinune, kijana," tajiri akaniambia. "Ungelipaka vibaya kidogo, lingebaki letu." Ruhusa amenipa, siku nyingi na kwa moyo mweupe, ila juma hili nikae nimwonyeshe mwenye lori mpya namna ya kulitunza. Juma lijalo niko njiani, na Jumapili ile nitakuwa mkekani, bila injini na bila vumbi. Mpaka hapo, wazee wakikuuliza jambo, usiseme ndiyo, usiseme hapana, koroga ugali. Na kila asubuhi ushuke bondeni na jembe, hata kama hulimi. Simama tu palepale kwenye lile tuta la maharage.

Nisalimie dada yangu aliyeolewa Tosamaganga, mwambie mumewe aje siku hiyo na avae viatu. Nisalimie shangazi mwenye ulanzi, asiwanyweshe wazee kabla hawajaamua. Nisalimie Mwalimu Kasiani mwenyewe, ambaye najua hapa amekohoa. Baba mdogo nimekwisha kumsalimu.

Ni mimi mwanao, ninayenuka nta safi,

Alfonsi

Nilisahau kukwambia nitapanda nini kuja huko. Basi la Iringa huondoka hapa kila Alhamisi asubuhi. Majuma yote niliyokuwa chini ya lori, basi hilo lilikuwa linaondoka.