Video ya Singo

Jumapili

Bado sijatulia. Jana kwenye singo ya dada Zuhura, sherehe ya kumsinga bibi harusi, tulikuwa wanawake tupu, ndiyo maana alivua mtandio akacheza kwa raha zake. Leo jirani yetu, Mama Shufaa, ameweka video ya dada akicheza kwenye status yake ya WhatsApp. Dada amelia, maana wakwe zake watarajiwa wana namba ya Mama Shufaa.

Nikaenda kwa Mama Shufaa. "Shikamoo mama. Naomba ufute ile video ya dada."

"Marahaba. We mtoto nawe! Mbona kapendeza? Kesho itafutika yenyewe."

"Mama, jana ungemruhusu shemeji yake dada aingie mle ndani?"

"Thubutu! Ningemtoa na mwiko."

"Basi kupitia simu yako anaingia."

Akanipa simu nimfutie. Kabla sijafuta niliona majina ya waliotazama. La kaka wa bwana harusi lilikuwemo.

Nilitamani kumficha dada. Lakini video ilitoka bila yeye kuulizwa. Nikimficha na hili, nami nitakuwa nimemwamulia.

Nimemwambia. Akampigia mchumba wake simu. Nilimsikia akisema, "Nisikilize mimi kwanza."

Sijui alijibiwa nini, ila jioni dada alikuja tukala wote.