Jeki Mpya ya Landrova Yako

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko habari za barabara haziwasumbui tena, lakini wewe ndiye mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye mambo ya matairi bila kuchokwa, kwa hiyo utanivumilia. Landrova inatembea. Naiendesha mwenyewe, Mbinga hadi ziwani na kurudi, na wale waliosema mwanamke hatauweza ule mteremko sasa wananiomba niwawekee nafasi ya mbele.

Tangu ututoke, mambo yamefunguka. Wanunuzi binafsi wa kahawa wanapita hadi vijijini, kila mmoja na gari lake na maneno yake matamu. Maduka ya Mbinga yamejaa. Ungecheka, Baba. Mtu anaingia kununua sabuni anaulizwa, "Ipi?" Wewe uliyezoea kupanga foleni tangu alfajiri na kushukuru kwa kipande, nakuona ulivyokunja uso kwa swali hilo.

Na jeki nazo siku hizi zinachaguliwa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka yako, ile ndefu yenye meno, uliyoipata kwa magunia mawili ya mahindi kutoka kwa dereva wa lori. Hukuichagua, uliipata. Mguu wake ulichomelewa mara tatu. Nilipoachiwa gari niliiona kama sehemu ya urithi, nikaifuta mafuta kila Jumamosi, na sikuwahi kujiuliza kama inafaa.

Masika iliyopita tulikuwa tunapanda kutoka ziwani na abiria wa Mpepai na magunia ya dagaa usipa wakavu. Kona ya pili, tairi la nyuma la kushoto likapata pancha, upande wa bondeni. Nikasimamisha, watu wakashuka, nikainua gari kwa jeki yako na kulivua tairi. Basi wakaja wale wanaume waliokuwa wakichimba mashimo ya ngolo ya kupandia mlimani, majembe mabegani, kama walivyokuwa wakikujia wewe. Unajua ilivyo kwetu. Gari likiinuliwa, mwanamume hasimami mikono mitupu. Ni kama ngokela, kazi ya pamoja ya shambani, kila mmoja atie nguvu yake. Wakaliegemea kwa mabega, wa juu wakisukuma, wa chini wakizuia. Na Baba Mdogo Kastori akaenda upande wa bondeni, akaliwekea gari mgongo, mahali pake pa siku zote. Si wewe uliyemwambia, miaka ile, "Kastori, shika gari"? Mdogo wako hajaliachia tangu siku hiyo.

Wa juu walikuwa wengi, na wote walikuwa na upendo. Walisukuma. Mguu wa jeki ukazama kwenye udongo, jeki ikalala, gari likaenda. Baba Mdogo aliruka, sijui alizipata wapi nguvu hizo, akaangukia kwenye mahindi ya watu. Ngoma ya gurudumu ilitua palepale alipokuwa amesimama. Lapa lake la kushoto lilibaki chini yake.

Watu walicheka, Baba. Mzee mzima yumo kwenye mahindi, mguu mmoja peku, anauliza nani amemsukuma. Hata mimi nilicheka. Kisha nikainama kulivuta lapa, likakataa kutoka. Niliogopa kuliko siku uliyokufa, maana siku ile hapakuwa na kitu ambacho ningeweza kukizuia.

Nyumbani nilisema jeki ile haitapanda tena kwenye gari. Baba Mdogo akaja juu. "Jeki haina kosa," akasema. "Udongo ndio uliolewa mvua. Kaka amenyanyulia gari kwa jeki hii miaka yote, wewe mtoto wa juzi umeona nini?" Ikawa kama ninakukosoa wewe kaburini. Ni Mama aliyeniokoa. Alikuwa anapepeta mahindi, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Muulize Kastori jino la kaka yake lilikwenda wapi." Baba Mdogo akatazama pembeni. Baba, miaka yote hiyo ulituambia jino lako la mbele liling'oka na muwa! Kumbe ni mkono wa jeki, ulikuponyoka ukaruka na kukupiga mdomoni. Tulicheka mpaka Mama akauweka ungo chini. Umetudanganya vizuri, nakupongeza.

Basi nikaenda mjini. Muuza vipuri alinipangia jeki tatu kaunta, nikamwomba tutoke nazo nyuma ya duka kwenye udongo. "Dada, jeki hununuliwa hapa ndani, si shambani," akasema. Nikamwambia gari langu haliharibikii juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya skrubu, ya kukunjuka, nyepesi. Nikaisukuma kwa goti ikayumba. Ya pili ilikuwa ndefu kama yako, mpya, rangi inang'aa. Niliitaka kwa sababu ilikuwa wewe. Lakini nilijilazimisha kufikiri. Ile huinua gari kwa bampa, na kadiri inavyopanda ndivyo gari linavyopata nafasi ya kucheza, na mkono wake unangoja meno ya mtu.

Ya tatu ilikuwa fupi, nene, ya mafuta, haina urembo wowote. Kitako chake kipana. Inakaa chini ya ekseli na kuinua gurudumu kiasi cha kuachana na ardhi, basi. Nilikuwa nimekuja na kijiti nilichokikata kwa kipimo cha ekseli wakati tairi limelala kabisa, maana jeki isiyoingia chini haina faida, ikaingia. Nikasoma uzito ulioandikwa, unapita wa Landrova ikiwa na mzigo wake wote. Nikainunua. Fundi seremala akanikatia ubao mpana wa mninga wa kuiwekea chini isizame, na magogo mawili mafupi ya kuegemeza chesisi ikishainuka.

Jeki yako hatukuitupa. Baba Mdogo aliichukua kwa kununa, akainulia kona ya banda la nguruwe lililokuwa limezama. Nguruwe hawakusukuma, kazi ikaenda vizuri.

Wiki iliyopita ndiyo tuliitumia mpya mara ya kwanza, mteremko uleule. Pancha. Wanaume wakashuka na majembe yao. Niliwaamkia, nikawaambia leo ninaomba mawe, kila mmoja na lake, makubwa. Wakayaleta kwa kushindana, tukazuia magurudumu matatu yaliyobaki. Kisha nikawaomba wasogee upande wa mlimani, mbali na gari. Hawakupenda. Mmoja alishika jembe lake kwa mikono miwili ili apate cha kushika. Lakini aliyenitesa ni Baba Mdogo, alikuwa amekwisha kwenda bondeni na mgongo wake.

"Baba Mdogo, njoo huku juu."

"Kaka aliniambia nishike gari."

Nikaacha kila kitu, nikateremka, nikamshika mkono. Nikamwambia, "Umelishika sana, Baba Mdogo. Sasa amesema upumzike." Nisamehe, Baba, nilikusemea bila ruhusa yako. Akapanda pamoja nami polepole, akakaa juu ya jiwe, mikono magotini kama mgeni. Nikainua gari. Likasimama lenyewe, hakuna bega hata moja. Nikabadilisha tairi, na nilipokaza nati ya mwisho Baba Mdogo akasema, "Kumbe hivi ndivyo linavyobadilishwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeligeuzia mgongo." Wakacheka yeye na wenziwe hadi wakasahau majembe.

Pumzika, Baba. Salamu za Mama, anasema jino lako lilikupendeza. Najua una hamu ya kumwona mdogo wako, lakini usimwekee nafasi karibuni. Ninakuahidi nitamchelewesha. Atakuja mzee kabisa, na miguu yake yote miwili, na siku nzima ya kwanza atakuwa anakulalamikia juu yangu.

Mwanao,
Skola