Wageni wa Mama Yako na Maji ya Ngoro

Kijiji cha Lihutu,
S.L.P. 57,
Mbinga.
24 Machi 1998

Mpendwa mpwa wangu Philothea,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini joto la Mtwara halijakulemea, na kwamba kifua cha mumeo Kanisius kimepona. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha taratibu, na kila asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni, ukaingia jikoni kwa mama yako na kukaa karibu na mafiga kama mtu wa nyumbani. Nyonga yake bado inamsumbua, ila anakula vizuri.

Uliniagiza nimshawishi ahamie kwako. Niliongea naye Januari, akakubali mbele yangu kwamba shamba lisipopandwa maharage kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe kumi na tisa Machi, atafunga mizigo. Nami nilidhani jambo limekwisha, kwa kuwa mwanamke anayetembea kwa fimbo hawezi kuchimba ngoro, haya mashimo yetu ya kuzuia maji mteremkoni.

Sikuwahesabu wageni wake. Ni wamisionari wawili, Bwana Anton na mkewe Marta, Waslovakia, ambao parokia imewapangia kukaa kwake mwaka mzima. Wanalala katika chumba chako. Walikataa kupikiwa kando. Wanakula sahani moja na mama yako, na ugali sasa anausonga Marta. Jioni husali rozari pamoja, mama yako kwa Kimatengo, wao kwa lugha yao, wakikutana kwenye "Amina". Nipitapo njiani husimama kidogo, na mara nyingine huona kama nyumba yenyewe ndiyo inayosinzia na kunong'ona.

Mwanzoni mwa Machi Anton alifyeka majani pamoja na wanaume, wakayalaza miraba miraba mteremkoni. Marta na wanawake wa jirani wakachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia. Kazi ilipokwisha mvua ikanyesha, mashimo yote yakajaa maji, kila shimo na kipande chake cha mbingu. Mama yako alikaa mlangoni akiyatazama mpaka giza likayafuta.

Anton naye aliyatazama, lakini kwa jicho jingine. Aliona maji yametuama, akadhani matuta yataoza. Kesho yake asubuhi, bila kumuuliza mtu, alikata mfereji kutoka shimo la juu hadi la chini kabisa, akipasua tuta baada ya tuta. Mchana mvua ikarudi. Maji yaliyokuwa yamelala yakaamka yote kwa pamoja, yakateremka na robo ya shamba mpaka kijitoni.

Mama Kinunda, yule jirani yenu wa juu, alikuwa wa kwanza kufika. Badala ya kutoa pole, alipaza sauti:

"Bwana Anton! Umewafungulia mahabusu wetu! Gereza lao tumelijenga siku nane!"

Watu wakacheka. Anton aliketi kwenye matope, Marta akalia. Nami, sikufichi, moyoni nilianza kuchagua siku ya basi, maana zilibaki siku tano tu kufika sikukuu.

Ndipo mama yako akatoka na fimbo yake, akashuka hatua kwa hatua, akakaa juu ya debe lililopinduliwa.

"Mwanangu," akamwambia Anton, "umeshiba matope?"

"Nisamehe, Mama. Nilitaka kusaidia."

"Nimekuona ukisaidia. Sasa acha kusaidia, fanya ninavyokwambia. Lete majani. Siyo hayo, hayo ni ya mbuzi. Lete marefu!"

"Dada, mchape kidogo na hiyo fimbo," Mama Kinunda akadakia, "atashika upesi."

"Fimbo naiegemea mimi. Wewe shika jembe, mdomo upumzike."

Kwa siku nne alishinda pale juu ya debe. Ukungu ulipozidi hatukumwona kabisa. Ilibaki sauti yake tu, ikitoka kwenye weupe: laza hapa, kaza pale, shimo hilo halina kina. Tulimfuata kama watu wanaotembea usingizini. Mimi mwenyewe, na miaka yangu sabini na mmoja, nililaza majani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nistaafu ualimu. Tarehe kumi na nane, jua likielekea kuzama, Marta alifukia punje za mwisho za maharage.

Kwa hiyo, mpwa wangu, nimeshindwa kuitimiza kazi uliyonipa. Usiku wa sikukuu nilimkumbusha habari ya Mtwara, nikamwambia kwamba unalala ukimwaza. Akanijibu:

"Kaka, mwandikie kwamba matuta yaliyo karibu na mgomba nimempandia yeye. Mimi simvunii. Aje Juni avune mwenyewe, alale chumbani kwake. Akina Marta nitawatandikia mkeka kwangu."

Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyasema.

Mpe salamu zangu Kanisius, na watoto, Benigna na Osmund. Mama Kinunda anakusalimu kwa kelele zake zote. Anton na Marta hawakujui, lakini wanakutaja kila jioni katika sala. Mungu ailinde nyumba yako, akupe usingizi mtulivu na safari njema.

Ni mimi mjomba wako, nisiyechoka kukupenda,

Mwl. Egno Ndunguru