Nani Atagawa Karata za Fainali

Jumatatu, 7 Machi 2005

Tamasha la poka limeanza leo. Wiki nzima ya mashindano, fainali kubwa Jumapili. Kasino imejaa watu mpaka kwenye ngazi. Mimi ni mgawaji karata wa muda tu, nimeletwa na agency ya vibarua, lakini kuna kitu kimoja nakitaka kuliko vyote: Jumamosi Colin, msimamizi wetu, atachagua wagawaji wanne wa meza ya mwisho. Wanaochaguliwa huandikwa kazi ya kudumu. Miaka mitatu nimefagia maofisi ya watu alfajiri. Kugawa karata nilijifunza jikoni kwetu huku ughaibuni, Stratford, Euphrasie ninayeishi naye akijifanya mchezaji huku anapika sombe, majani ya muhogo ya kwao. Sirudi kwenye ufagio mimi!

Mshindi wa leo: kijana wa Denmark mwenye headphone kubwa. Hakuzivua hata alipopewa kikombe.

Jumatano, 9 Machi

Leo ni poka ya aina ya Omaha — kila mchezaji anapewa karata nne badala ya mbili, vidole vinawaka moto. Mshindi ni muuza nyama kutoka Cork. Alimpigia mamake simu palepale mezani, akalia. Wa pili ni mama mmoja wa Glasgow. Alisema kikombe amekikosa, lakini amepata siku mbili bila kumpikia mtu.

Colin alisimama nyuma yangu muda mrefu. Baadaye akaniambia nina mikono safi kuliko wote. Nimeimba kimoyomoyo kwenye treni ya Central Line mpaka nyumbani.

Alhamisi, 10 Machi

Siku mbaya. Acha niiandike yote.

Shindano kuu limeanza. Mezani kwangu kulikuwa na mzee wa Kihindi, sweta ya kijivu, anaishi Kenton. Akasoma jina langu kifuani, akauliza kwa Kiswahili, Dinah wa wapi? Nakuru, nikasema. "Mimi pia Nakuru, binti. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa." Anaitwa Ranjan. Nilifurahi kama nimepata barua.

Mchana mzee akasukuma chips zake zote, vile visahani vya dau, katikati. Mmarekani mmoja akamfuata, lakini yeye alikuwa nazo chache. Kazi yangu hapo ni kumrudishia mzee zilizozidi za mwenzake, kisha nifungue karata zilizobaki. Na mimi nikalaza pakiti ya karata mezani, nikamrudishia kwa mikono miwili, kichwa nimekiinamisha. Mikono ilifanya yenyewe! Mzee humpi kitu kwa mkono mmoja, ndivyo nilivyolelewa. Lakini mgawaji haachi pakiti kabla mchezo haujaisha, hata akipiga chafya. Watu watajuaje kama haikuchezewa?

Mmarekani alinyamaza mpaka aliposhindwa. Hapo ndipo akapaza sauti. Colin akaja, akaangalia kamera, akaamua matokeo yabaki kwa sababu hakuna aliyeigusa pakiti. Kisha akaniondoa mezani mbele ya watu. Nimelia chooni.

Ijumaa, 11 Machi

Nimewekwa meza za pembeni, za wanaojifunza. Colin anasema adabu yangu haina ubaya, ubaya ni karata zilizolala mezani. Ni kweli. Nimemkasirikia hivyohivyo.

Euphrasie alicheka mpaka akashika ubavu. "Mzee unamupa na mikono yote mbili, ni vizuri. Lakini kule si kwa mama yako." Akajifunga kitenge kichwani, akajifanya bibi kizee, akataka nimpe vijiko kwa mkono mmoja. Sikuweza! Kila nikijaribu, wa kushoto unakuja wenyewe. Tumefanya mazoezi ya utovu wa adabu mpaka chakula kikaungua.

Kanisani kwao kamari ni dhambi, hakuna mjadala. Hata hivyo ameniombea. "Mungu hapendi makarata," amesema. "Lakini weye anakupenda."

Jumamosi, 12 Machi

Wamebaki tisa. Mzee Ranjan yumo! Yule Mdenmarki pia.

Kabla hawajafika tisa Colin alinirudisha kwenye meza ya mzee. Kunipima, najua. Mzee akashinda, nikamsukumia chips zake kwa mkono mmoja, pakiti nimeibana kwenye mkono wa kushoto. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwangalia. "Hapa ni kazini, binti," akasema polepole. "Siku ukija Kenton utanipa chai kwa mikono miwili."

Jioni Colin akataja wanne. Wa nne ni mimi. Mimi!

Nimempigia mama Nakuru, nikamwambia nimepanda cheo. Akauliza, kwani ni kazi gani hasa? Nikasema laini inakatika.

Jumapili, 13 Machi

Chumba cha wafanyakazi. Chai imepoa.

Mmoja mmoja wametoka. Aliyeshika nafasi ya tatu ni Mfaransa, amempa kila mtu mkono, hata sisi wagawaji. Wamebaki wawili: Mdenmarki na mzee Ranjan. Mzee amebakiwa na rundo dogo tu, kama tonge la mtoto. Wamepewa mapumziko mafupi. Wajukuu zake wamekaa mbele, wanapiga kelele kwa Kiingereza, yeye anawatuliza kwa Kigujarati.

Euphrasie ametuma ujumbe. Kanisa zima linaniombea. Amewaambia nina interview ya kazi.

Zamu inayofuata ni yangu. Karata itakayomtoa mzee itatoka mkononi mwangu. Au itakayomwokoa. Nataka ashinde, nataka sana, na kazi niliyoililia wiki nzima ni kukaa pale kama mtu asiyetaka chochote. Hilo hakuna aliyenifundisha jikoni.

Colin amefungua mlango. Anasema niharakishe. Mzee amesikia ni nani anayekuja kugawa, ameshasukuma chips zake zote katikati, na karata hata hajapewa—