Sista Hongera, na Mkono wa Mtoto wa Mdogo Wako

Mwaka umezunguka, mwanetu, tangu uvue viatu vyako vyeupe hapo mlangoni na usivivae tena. Moyo ulisimama ghafla, chai yako ikiwa bado ya moto mezani. Mama yako hajaruhusu mtu aviondoe viatu hivyo. Anavifuta, anavirudisha palepale, na mumeo anavizunguka kila akiingia.

Ulikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi tangu ulipoanza kazi mpaka mwisho. Tulikutania kwamba unatembea kama bata, na kwamba mumeo alioa nusu, nusu nyingine ilibaki wodini. Ulicheka huku unakula umesimama. Mama yako alifuma kofia za watoto wachanga, nawe ukawavisha wale ambao wazazi wao walikuja mikono mitupu.

Siku nyingine ulirudi ukakaa jikoni bila hata kuvua viatu. Mama yako alibandika maji tu, akajua leo kazaliwa mtoto ambaye mkono au mguu wake haukukamilika.

Ulimweleza kwamba kinachoanza kumuumiza mzazi ni ule ukimya. Mtoto analia, chumba kizima kimenyamaza, wauguzi wanatazamana. Kisha mtoto anazungushiwa nguo mpaka shingoni, anakabidhiwa kama kifurushi, na mama yake anakuja kumfungua peke yake nyumbani. Wewe ulikataa hilo. Ulitoa hongera kwanza, kwa sauti ileile uliyowapa wote. Ukamlaza mtoto kifuani pa mama yake akiwa wazi, ukaushika ule mkono mfupi kwa vidole vyako, ukauonyesha bila haraka. Ndipo wazazi wakakubandika jina la Sista Hongera.

Haikuwa kazi nyepesi. Baadhi ya wenzako walikulaumu kwamba unamtonesha mtu angali kitandani. Na yupo yule mama aliyegeukia ukutani, akaondoka bila mtoto wake. Ulimbeba mtoto yule mpaka zamu yako ikaisha. Ukamuuliza mama yako iwapo mtoto yule angechukuliwa kama ungemfunika. Hata leo mama yako anajiuliza swali hilo.

Sasa lipo jambo la kukuambia. Mdogo wako alijifungua ukiwa umeshatutoka. Ni mtoto wa kiume, mashavu tele, paji la uso kalichukua kwako. Mkono wake wa kushoto unaishia chini kidogo ya kiwiko. Hakuna aliyemwambia hongera. Alipewa mtoto amefungwa, na tangu hapo hajamfungua mbele ya watu. Wageni wakija, mtoto amelala. Akimwogesha, mlango una komeo.

Akamwomba mama yenu amfumie mtoto sweta, mkono mmoja uwe mrefu na uzibwe mwishoni. Mama akafuma. Kila kitanzi kilimchoma, maana alijua wewe ungesema nini, lakini angemnyimaje mwanawe? Sweta likatoka zuri. Mtoto akawa anautafuna ule mkono mtupu wa sweta, akiutafuta wake ndani.

Tulipokwisha kuandika mpaka hapa, mama alifumua ule mkono wa sweta, akaufuma upya kwa kipimo cha mtoto. Akalipeleka kwa mdogo wako pamoja na karatasi hii ya tangazo la kumbukumbu yako gazetini, akamwambia asome kwanza, na kwamba akitaka habari za mtoto zifutwe, zitafutwa bila kinyongo.

"Mama, gazeti linasomwa na kila mtu," alisema mdogo wako.

Alisoma mpaka palipoandikwa kiwiko. Akarudia. Sweta hakuligusa. Kisha akauliza dada yake angekuwepo angesema nini.

"Unajua angesema nini," mama akamjibu.

"Basi niambie wewe."

Mama yenu akasogea pale alipokaa, akamshika bega. "Hongera, mwanangu. Umepata mtoto wa kiume."

Mdogo wako alilia kilio ambacho huenda alikuwa amekizuia tangu wodini, na mtoto naye akaanza kulia kwa kumwona mama yake. Alipotulia alirudisha karatasi. "Usifute kitu," akasema.

Sweta bado liko kwenye kiti, limekunjwa. Hatujui kama atamvika siku tutakapokusanyika kukuombea, na hatumharakishi. Lakini ule mkono mrefu haupo tena.

Wanaokukumbuka ni mama yako, anayeandika haya; mumeo na watoto wako; mdogo wako na mumewe; wauguzi wenzako wa wodi ya wazazi; na mtoto wa mdogo wako, ambaye mkono wake mfupi hukujaliwa kuushika.

Siku zote u pamoja nasi, Sista Hongera. Hatutakusahau.